Bunge la Afrika la Midrand na haki za watu wenye ulemavu

Kati ya Johannesburg na Pretoria, nchini Afrika Kusini, uko mji wa Midrand, ambao tangu mwaka 2000 umekuwa sehemu ya jiji la Johannesburg. Hapo, katika majengo ya Gallagher Estate, hukutana wabunge kutoka pande zote za bara kujadili mambo yanayowahusu Waafrika wote.

Miongoni mwa mambo hayo ni suala ambalo kwa miaka mingi liliachiwa familia, makanisa, misikiti na mashirika ya hisani: haki ya mtu mwenye ulemavu kuingia katika jengo, kupanda basi, kusoma kitabu, kupiga kura na kuishi bila hofu ya jirani yake.

Mwaka 2024 bara la Afrika lilipata mkataba wake lenyewe unaolinda haki hizo, baada ya nchi 15 kuuridhia. Umechukua muda wa miaka sita tangu viongozi walipoupitisha mpaka kuanza kutumika. Swali lililobaki ni kama utayabadili maisha ya mtu anayetumia kiti cha magurudumu Kampala, au ya mtoto asiyeona Bukavu.

Bunge na mamlaka yake

Bunge la Afrika lilizinduliwa mjini Addis Ababa mwezi Machi mwaka 2004, na mwaka huo huo likahamia Midrand. Rais wake wa kwanza alikuwa Balozi Gertrude Mongella wa Tanzania, aliyeliongoza hadi mwaka 2009. Kila nchi mwanachama hupeleka wabunge watano, na angalau mmoja wao lazima awe mwanamke.

Kazi za Bunge hilo hugawanywa katika kamati za kudumu. Mojawapo ni Kamati ya Jinsia, Familia, Vijana na Watu wenye Ulemavu, ambayo ndiyo inayopokea hoja zinazohusu walemavu barani.

Hata hivyo, Bunge la Midrand halitungi sheria zinazozifunga nchi wanachama. Itifaki iliyoliunda inalipa mamlaka ya ushauri tu. Itifaki mpya, iliyopitishwa Malabo, Guinea ya Ikweta, mwaka 2014, inakusudia kuliongezea nguvu, likiwemo jukumu la kuandaa sheria za mfano, lakini inahitaji kuridhiwa na nchi 28.

Mjini Midrand pia zimo ofisi za shirika la maendeleo la Umoja wa Afrika, AUDA-NEPAD, na za Mpango wa Afrika wa Kujitathmini Kiutawala, APRM. Kenya na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kukubali kutathminiwa na nchi nyingine chini ya mpango huo.

Kutoka Muongo hadi Itifaki

Juhudi za pamoja za Afrika hazikuanzia Midrand. Mwaka 1999 uliokuwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ulitangaza Muongo wa Afrika wa Watu wenye Ulemavu, uliotarajiwa kumalizika mwaka 2009. Sekretarieti ya kuusimamia ilifunguliwa mjini Cape Town mwaka 2004. Muongo wa pili ukafuata, kuanzia mwaka 2010 hadi 2019.

Wakati huo huo Umoja wa Mataifa ulikuwa ukiandaa Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Mkataba huo ulipitishwa mjini New York tarehe 13 Disemba 2006 na kuanza kutumika tarehe 3 Mei 2008. Afrika Kusini iliuridhia mwaka 2007. Kenya, Uganda na Rwanda zilifuata mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, Burundi mwaka 2014 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2015.

Mkataba huo ulibadili namna ya kulitazama suala lenyewe. Hapo awali ulemavu ulihesabiwa kuwa kasoro iliyo katika mwili wa mtu, na dawa yake ilikuwa tiba au sadaka. Mkataba unasema kwamba ulemavu hutokana pia na vizuizi ambavyo jamii imeviweka: ngazi zisizo na njia ya mteremko, shule zisizo na maandishi ya nukta nundu, mahakama zisizo na mkalimani wa lugha ya alama. Kwa hiyo wajibu wa kuviondoa ni wa dola.

Kifungu cha 32 cha mkataba huo kinahusu ushirikiano wa kimataifa. Kinazitaka nchi zihakikishe kwamba misaada na miradi ya maendeleo inawafikia watu wenye ulemavu, na kwamba ujuzi na teknolojia vinapita mipaka. Maana yake ni kwamba nchi inayogharimia shule katika nchi nyingine haipaswi kujenga shule ambayo mtoto mlemavu hawezi kuingia.

Kwa nini Afrika ilihitaji mkataba wake

Baadhi ya watu waliuliza kama palikuwa na haja ya mkataba mwingine wakati ule wa Umoja wa Mataifa umeridhiwa na nchi nyingi za Afrika. Jibu la waandishi wake, waliofanya kazi chini ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, lilikuwa kwamba yapo mambo ya bara hili ambayo mkataba wa dunia hauyataji waziwazi.

Itifaki ya Afrika kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu ilipitishwa na wakuu wa nchi mjini Addis Ababa tarehe 29 Januari 2018. Kifungu chake cha 11 kinazitaka nchi zikomeshe mila na desturi zenye madhara, yakiwemo mambo ya uchawi, kuwaficha watu majumbani na mauaji ya kishirikina. Kifungu cha 15 kinahusu kufikika kwa majengo, barabara, usafiri na habari, mjini na vijijini.

Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi ni miongoni mwa nchi zilizoiridhia mapema, pamoja na Afrika Kusini yenyewe. Tanzania haikuwamo katika orodha hiyo ya mwanzo. Nchi ambayo haijaridhia haifungwi na masharti ya itifaki, ijapokuwa inabaki na wajibu wake chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa.

Watu wenye ualbino

Hakuna suala lililoonyesha umuhimu wa ushirikiano huo kuliko mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, habari za mauaji na ukataji wa viungo katika Tanzania, Burundi na baadaye Malawi ziliishtua dunia. Waliofanya unyama huo waliamini kwamba viungo vya binadamu huleta utajiri au bahati, na biashara yake ilivuka mipaka. Nchi moja peke yake isingeweza kuikomesha.

Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge. Mwaka 2010 Salum Barwany alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini, akawa mbunge wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa jimboni nchini humo. Mwaka 2015 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliunda nafasi ya mtaalamu huru wa masuala ya ualbino, ambayo ilishikwa kwanza na Ikponwosa Ero wa Nigeria.

Mwaka 2017 Tume ya Afrika iliunga mkono mpango wa kikanda wa kuwalinda watu wenye ualbino, na Umoja wa Afrika ukaufuatilia kwa mpango wa bara zima wa mwaka 2021 hadi 2031. Bunge la Afrika nalo lilitoa miongozo kuhusu tuhuma za uchawi na mashambulizi ya kishirikina, ili mabunge ya nchi wanachama yaitumie katika kurekebisha sheria zao.

Mwezi Februari mwaka 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa hukumu kwamba Tanzania haikutimiza wajibu wake wa kuwalinda watu wenye ualbino. Kesi hiyo ilifunguliwa kwa pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu cha Dar es Salaam, Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria, na taasisi ya haki za binadamu yenye makao Gambia. Ni mfano wa ushirikiano ambao haukungojea serikali.

Ushirikiano unaoonekana kwa macho

Mikataba huandikwa mijini, lakini ipo kazi inayofanyika mbali na kumbi za mikutano. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, kipo chuo cha kufundisha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa msaada wa Ujerumani. Kimefundisha wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, na mafundi hao wamerudi makwao kutengeneza miguu bandia na viti vya magurudumu vinavyofaa barabara za vumbi.

Hapo hapo KCMC hutengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mradi huo ulianza kwa ushirikiano wa wataalamu wa Tanzania na mfamasia kutoka Hispania, na kampuni ya BASF ya Ujerumani ikausaidia. Kwa mtu mwenye ualbino anayelima shambani, saratani ya ngozi ni hatari ya kila siku, na mafuta hayo ni kinga ya uhai wake.

Uhitaji bado ni mkubwa kuliko vifaa vilivyopo. Ripoti ya mwaka 2022 ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ilisema kwamba katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji vifaa saidizi, kama vile miwani, fimbo nyeupe, vifaa vya kusikilizia na viti vya magurudumu, wanaovipata. Katika nchi tajiri kiwango hicho hufikia asilimia 90.

Vitabu navyo vina mipaka yake. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu vitabu kugeuzwa kuwa nukta nundu au sauti, na kupelekwa nchi nyingine, bila kuomba idhini ya mwenye haki ya kunakili. Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, Uganda mwaka 2018 na Tanzania mwaka 2020. Nchini Afrika Kusini ilibidi chama cha Blind SA kwenda mahakamani, na mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba sheria ya hakimiliki ilikuwa ikiwabagua wasioona.

Kituo cha treni na kituo cha daladala

Midrand yenyewe inaonyesha mafanikio na upungufu kwa wakati mmoja. Kituo cha treni ya mwendo kasi ya Gautrain kilifunguliwa hapo mwaka 2011. Kina lifti, na mtu mwenye kiti cha magurudumu huweza kuingia katika behewa pasipo kuinuliwa. Lakini Waafrika Kusini wengi husafiri kwa teksi za abiria, yaani magari madogo yanayofanana na matatu za Kenya na daladala za Tanzania. Magari hayo mengi hayana nafasi ya kiti cha magurudumu, na aliyefika kituoni kwa treni anaweza kukwama nje ya lango.

Dar es Salaam ilipata fundisho kama hilo. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, yana vituo vilivyoinuliwa usawa wa sakafu ya basi. Njia inayompeleka abiria kutoka nyumbani hadi kituoni ni habari nyingine.

Uwakilishi na fedha

Afrika Mashariki ina mambo ya kujivunia. Uganda imetenga viti maalumu bungeni kwa watu wenye ulemavu tangu miaka ya 1990. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya lugha ya alama ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Afrika Kusini ilifuata mwaka 2023 kwa kuifanya lugha ya alama kuwa lugha yake rasmi ya 12.

Upande wa fedha una mashaka zaidi. Miradi mingi ya walemavu barani imetegemea wafadhili kutoka Sweden, Norway, Denmark, Ujerumani, Uingereza na Marekani. Kenya na Uingereza ziliandaa pamoja mkutano wa dunia kuhusu ulemavu mjini London mwaka 2018. Katika mkutano kama huo mjini Berlin, mwezi Aprili 2025, ilikubaliwa kwamba angalau asilimia 15 ya miradi ya maendeleo katika kila nchi iwe na lengo la kuwajumuisha watu wenye ulemavu.

Ahadi hiyo ilitolewa katika mwaka ambao Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, na Uingereza ikatangaza kupunguza misaada yake. Mfadhili akiondoka, mkalimani wa lugha ya alama ambaye mshahara wake ulitoka nje huondoka naye, na mwanafunzi kiziwi hubaki darasani bila kuelewa.

Kinachosubiriwa

Nchi zilizo chini ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu zinatakiwa kila baada ya miaka miwili kutoa taarifa kwa Tume ya Afrika, yenye makao yake Banjul, Gambia. Kwa zile zilizoridhia itifaki, taarifa hizo sasa zitapaswa kueleza yaliyofanywa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Vyama vya walemavu vina haki ya kupeleka maelezo yao pia, na huo ni mlango ambao vyama vingi bado havijautumia ipasavyo.

Wabunge wanaokutana Midrand hawawezi kuilazimisha nchi yoyote. Lakini kila mmoja wao ni mbunge katika nchi yake, na huko ndiko anakopiga kura ya kupitisha bajeti, kuridhia mikataba na kumhoji waziri wa ujenzi kwa nini zahanati mpya haina njia ya mteremko.