Kichuguu na Udongo Wetu wa Katanga

Mtu akitoka Lubumbashi kwenda vijijini, haendi mbali kabla ya kuona vichuguu vya mchwa. Vingine vyafika mita 8 kwenda juu, na chini upana wake hufika mita 15 au kuzidi, hata mgeni hudhani ni vilima. Sisi tuliozaliwa katikati yake hatuvitazami tena. Twavitazama siku moja tu, siku ya kutafuta matofali.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Kapela yetu ya miti na majani iliangushwa na mvua, tukakata shauri kujenga nyingine ya matofali. Tulichagua kichuguu kikubwa kando ya mashamba, maana udongo wake hushikamana vizuri na hauna mawe. Vijana walipokuwa wakinoa majembe, mzee mmoja akatuuliza: "Wanangu, mnajua kimejengwa kwa miaka mingapi?" Tulicheka. Tukamjibu kwamba mchwa ni wengi, watajenga kingine. Lakini swali lile halikutuacha, na jibu lake tulilipata polepole, katika vitabu.

Zamani wataalamu wa Ulaya walidhani udongo ni mawe yaliyovunjika tu, basi. Mwaka 1881 Mwingereza Charles Darwin alitoa kitabu juu ya nyungunyungu, akaonyesha kwamba wadudu hao wadogo hupindua ardhi ya mashamba mwaka hata mwaka. Mwaka 1883 Mrusi Vasily Dokuchaev alitoa kitabu juu ya udongo mweusi wa nchi yake. Alifundisha kwamba udongo huzaliwa na wazazi wengi pamoja: jiwe la chini, mvua na jua, viumbe vyenye uhai, mteremko wa nchi, na wakati. Mmoja wao akibadilika, udongo nao hubadilika, na majani na miti iliyo juu yake hubadilika vilevile.

Katika miaka hiyohiyo Mskoti Henry Drummond alisafiri katika nchi zilizo kati ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika, si mbali na Katanga. Katika kitabu chake cha mwaka 1888 aliandika kwamba kazi ya nyungunyungu wa Ulaya, huku Afrika hufanywa na mchwa.

Kwetu Kongo kazi hiyo ilichunguzwa na INEAC, shirika la kuchunguza kilimo lililoanzishwa mwaka 1933, ambalo kituo chake kikuu cha uchunguzi kilikuwa Yangambi. Tangu mwaka 1954 lilianza kutoa ramani za Kongo zilizoonyesha udongo na mimea pamoja, kwani havitengani. Na mwaka 1955 Mbelgiji Carl Sys aliandika juu ya kazi ya mchwa katika udongo mwekundu wa kandokando ya Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Mvua ya Katanga huanguka kwa nguvu miezi mingi mfululizo. Maji yake hushuka ardhini yakichukua chokaa na vyakula vingine vya mimea, yakaviteremsha mbali na mizizi. Yafanya hivyo tangu maelfu ya miaka, na kwa sababu hiyo udongo wetu mwekundu ni mchovu na mchachu. Mchwa hufanya kinyume. Hushuka chini kutafuta maji na udongo mfinyanzi, huupandisha chembe kwa chembe, na kuuchanganya na mate yao. Kichuguu chenye mteremko mkali huteremsha mvua kando, isipenye sana ndani. Basi chokaa hubaki mle, hata mtu akichimba aweza kukuta vipande vyake vyeupe.

Kwa hiyo miti inayoota juu ya kichuguu si ile ya msitu wa miombo unaokizunguka. Mama zetu wajua pia kwamba mvua za kwanza zikinyesha, uyoga mkubwa huchipua penye vichuguu. Uyoga ule hutoka katika bustani ambazo mchwa huzilima gizani ndani ya nyumba yao. Nao wakulima wengi hupanda mahindi na mboga juu ya kichuguu, au huchukua udongo wake na kuutawanya shambani. Hawakungoja kitabu kuwafundisha. Hata bila jembe, mvua huteremsha udongo wa kichuguu kidogo kidogo na kuutandaza chini, na hivyo shamba la leo lina ndani yake vichuguu vya zamani vilivyokwisha kubomoka.

Na swali la mzee? Wataalamu walipima makaa ya asili, yaani kaboni, ndani ya vichuguu vya upande wa Lubumbashi, wakatoa habari mwaka 2015. Kimoja kilionekana kuwa na umri wa miaka karibu 2200. Maana yake mchwa walikuwa wakikijenga kabla Bwana wetu hajazaliwa Betlehemu, na vizazi vya mchwa vilifuatana mle. Wakati ni mzazi mmoja wa udongo, naye haharakishwi kwa fedha wala kwa nguvu za vijana.

Sisi tulikivunja chetu kwa majuma machache. Tulikata pia miti ya msitu kuyachoma matofali, na msitu ulikuwa umekwisha kupunguzwa na wachoma makaa. Kapela ni nzuri, haivuji, na hatusemi kwamba tulikosa kujenga nyumba ya sala. Lakini palipokuwa na kichuguu, pana shimo linalojaa maji. Mama waliozoea kuokota uyoga pale hupita sasa mpaka ng'ambo ya mto.

Mwaka uliofuata tulitaka matofali tena, ya nyumba ya mwalimu. Safari hii tulimwita mzee kwanza. Alituzungusha mashambani nusu ya siku. Akatuonyesha kichuguu kilichohamwa na mchwa, kilichokwisha kukatwa nusu na barabara, akasema: "Hiki chukueni. Vile vingine viacheni, vinalisha watu." Tulichukua kile. Matofali yalitosha, ila chumba kimoja kilipungua.

Mzee yule amekwisha kufariki. Vichuguu alivyotukataza vingali vimesimama, na mahindi yaliyo chini yake hukomaa vizuri kuliko yale ya katikati ya shamba.