Nafasi Inayoachwa Wazi

Siku ya soko Tengeru, ukingo wa barabara ya Arusha–Moshi haubaki na shubiri tupu. Hiace zinashusha abiria, malori yanapakia ndizi, bodaboda zinajipenyeza katikati. Ndani ya Hiace hizo kuna adabu ambayo hakuna aliyeiandika. Akipanda mzee, mama mjamzito au mtu anayetembelea magongo, konda hupaza sauti, kijana mmoja hunyanyuka, kiti kinapatikana. Anayejifanya hakusikia hutazamwa na gari zima mpaka aone haya.

Adabu hiyo hufanya kazi kwa sababu aliyekalia kiti yupo. Gari lililoegeshwa halina mtu. Mwenyewe amelifunga na kuingia sokoni, hakuna wa kuombwa apishe. Ndiyo maana maegesho ya watu wenye ulemavu yalihitaji alama ya kuchorwa chini na sheria ya kuilinda, na historia yake ni fupi kuliko umri wa wazee wengi wa hapa.

Mwaka 1968 mwanafunzi wa usanifu kutoka Denmark, Susanne Koefoed, alichora kiti mwendo kitupu. Mwaka uliofuata Karl Montan wa shirika la Rehabilitation International alikiongezea duara likawa kichwa cha mtu, na shirika hilo likaipitisha alama itumike duniani. Uingereza, mbunge Alf Morris, ambaye baba yake aliachiwa ulemavu na Vita Kuu ya Kwanza, alisimamia sheria ya 1970 iliyozaa kadi ya maegesho ya rangi ya chungwa mwaka 1971. Kadi ilikuwa ya mtu, si ya gari. Akiendeshwa na nduguye, wote wawili wanaegesha pale. Ndugu akienda dukani peke yake, hana haki nayo.

Vipimo navyo vina sababu. Kanuni za Marekani zilizotokana na sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990 zinataka nafasi ya gari yenye upana wa takriban mita 2.4, na kando yake njia ya mita 1.5 iliyowekwa alama, mara nyingi mistari ya mshazari. Njia ile ni ya kufungua mlango wote, kusimamisha kiti mwendo na kuhamia. Dereva anayeegesha juu ya mistari hiyo “dakika mbili tu” amemfungia mwenzake ndani ya gari lake, au amemwacha nje juani.

Tanzania haikuanzia barabarani. Ilianzia darasani.

Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilifunguliwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilifuata mwaka 1963. Kisha ikaja zamu ya ajira: sheria ya 1982 iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi watenge asilimia 2 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Sera ya taifa ilitoka 2004, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ukaridhiwa 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 ikapandisha kiwango hadi asilimia 3, kwa waajiri wenye wafanyakazi 20 na kuendelea. Mkataba huo, katika ibara ya 9, unataja majengo, barabara na usafiri kwa pamoja. Anayesoma na kuajiriwa lazima afike, na akifika na gari, lazima apate pa kushukia.

Tengeru imo ndani ya historia hiyo. Hapa ndipo kilipo Chuo cha Ualimu Patandi, ambako walimu kutoka mikoa mbalimbali hujifunza kufundisha wasioona, viziwi na watoto wenye ulemavu wa akili. Barabara ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, imeongeza kasi na magari mlangoni pa mji uleule.

Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana aina fulani ya ulemavu. Kwa idadi hiyo, rangi chini peke yake haitoshi. Mlinzi wa geti la hospitali, chuo au ofisi ya serikali anahitaji kupewa mamlaka ya kumrudisha hata bosi mwenye gari kubwa, bila kuogopa kibarua chake. Madereva nao wanahitaji kuzoea kuiona nafasi ikikaa tupu asubuhi nzima wakati wao wanazunguka. Mama anayempeleka kliniki mtoto wa kiti mwendo hawezi kujua atafika saa ngapi, na akikuta pamekaliwa, hana sehemu nyingine ya kumshushia.