Aliyesamehewa Afanye Nini? Kumbukumbu ya Isiro, Mwaka wa 1964



Kamati ya jamii iliponiomba ukurasa wa historia kwa ajili ya toleo hili la kuwakumbuka marehemu wetu, nilikusudia kuandika juu ya uhuru wa mwaka 1960. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa sita ndiye aliyenibadilishia somo. Siku hiyo nilikuwa nimewasimulia watoto habari za Sista Anuarite wa Isiro. Nilipomaliza, kijana huyo akasimama akauliza: "Mwalimu, yule kanali aliyemuua, kama Sista alimsamehe, basi mambo yakaisha?" Kengele ikalia. Niliishukuru kengele ile, maana sikuwa na jibu.

Tuanze na habari yenyewe, kwa kuwa vijana wengi waliozaliwa kambini wanalijua jina la Anuarite tu, kama jina la shule au la kwaya.

Anuarite Nengapeta alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 huko Wamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo. Aliingia katika shirika la masista wazalendo liitwalo Jamaa Takatifu, kule Bafwabaka, akaweka nadhiri tarehe 5 Agosti 1959 na kupewa jina la Marie-Clémentine. Hakuwa mtu wa cheo. Alifundisha watoto, alitunza sakristia, alipika. Ninyi walimu wenzangu mnazijua kazi za namna hiyo: ukizifanya vizuri hakuna anayekuona, ukizikosea kijiji kizima kinajua.

Mwaka 1964 vita vya Simba vikaanza. Hapa naomba tusiwaseme Simba kana kwamba walianguka kutoka juu kama mvua ya mawe. Walikuwa watoto wetu. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, Lumumba akauawa tarehe 17 Januari 1961, na kufikia mwaka 1964 wananchi wengi walikuwa wanauliza uhuru ule ulimfaidia nani. Mishahara haikufika, vijana waliotoka shule hawakuona kazi, askari wa serikali waliwanyang'anya raia. Uvira ilianguka mwezi wa Mei 1964, na mwanzoni mwa Agosti Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, ikawa mikononi mwa Simba. Vijana walinyunyiziwa dawa, wakaambiwa kwamba risasi zitageuka maji mradi washike miiko. Miongoni mwa miiko hiyo kulikuwa na kutoiba na kutomgusa mwanamke. Nalitaja jambo hili kwa sababu watu husema hawakujua mema na mabaya. Walijua. Walikuwa wameyaapia.

Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji wakashuka Stanleyville kwa ndege za Marekani, na tarehe 26 wakashuka Paulis, mji tunaouita leo Isiro. Simba waliokuwa wakishindwa wakawageukia waliokuwa karibu nao. Askofu wa Wamba, Joseph Wittebols, aliuawa tarehe hiyohiyo ya 26. Siku tatu baadaye lori lilifika Bafwabaka, na masista wote na walelewa wao wakapakiwa. Tarehe 30 Novemba walikuwa Isiro, na usiku wakaingizwa katika nyumba moja ambayo hadi leo inaitwa Nyumba ya Buluu.

Nitasema kwa kifupi yaliyofuata, kwa kuwa kuna watoto wanaosoma gazeti hili, na kwa kuwa kina mama wengi wa hapa kambini hawahitaji kusimuliwa. Kanali mmoja wa Simba, jina lake Ngalo, alimchagua Anuarite awe mke wake. Mama Mkuu wao, Kasima, alikataa. Anuarite mwenyewe alikataa. Ngalo akamwomba Kanali Pierre Olombe amsaidie kumlainisha yule sista, na Olombe akaamua kumchukua yeye mwenyewe. Usiku alijaribu kuwaingiza garini Anuarite na mwenzake, Sista Bokuma Jean-Baptiste. Walipokataa aliwapiga kwa kitako cha bunduki hata mkono wa Sista Bokuma ukavunjika. Anuarite, huku akipigwa, alimwambia Olombe kwamba anamsamehe kwa kuwa hajui analolifanya. Olombe akaita vijana wake wamchome, kisha yeye mwenyewe akampiga risasi. Alikata roho yapata saa saba ya usiku, tarehe 1 Desemba 1964. Zilibaki siku 28 atimize miaka 25.

Ukitulia na kuuhesabu usiku ule utaona kwamba mauaji hayakuwa uamuzi mmoja. Ngalo alikuwa na nafasi ya kuacha, Olombe alikuwa nazo nyingi, tangu jioni hadi usiku wa manane. Mama Kasima aliweza kunyamaza ili aokoe roho yake, asinyamaze. Halafu kuna wale vijana walioitwa wachome. Majina yao siyajui. Waliitwa, wakaja. Labda walikuwa na miaka 16 au 17. Nawafikiria hao kuliko Olombe, na sababu nitaieleza.

Vita vilipokwisha, Olombe alikamatwa, akahukumiwa, akafungwa, na baadaye akatoka gerezani. Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Anuarite kuwa Mwenye Heri, mjini Kinshasa. Wazazi wa marehemu walikuwapo. Katika mahubiri yake Papa alisema kwamba, kwa mfano wa Anuarite, yeye naye anamsamehe muuaji, kwa jina la Kanisa lote. Olombe alikuwa bado hai. Mimi si Mkatoliki, lakini kila ninapolifikiria jambo hilo nasimama. Karibu miaka 21 ilikuwa imepita tangu msamaha ule utamkwe katika giza la Isiro, na sasa ulirudiwa mchana mbele ya taifa zima, pamoja na kosa lenyewe. Kosa halikufichwa ili msamaha upite.

Linganisheni na msamaha mwingine wa nchi yetu. Mwaka 1968 Pierre Mulele, aliyekuwa ameongoza uasi wa Kwilu, alikuwa Brazzaville. Serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba waasi wamesamehewa, na waziri Bomboko akavuka mto kwenda kumchukua. Mulele alirudi Kinshasa, akapokewa kwa karamu, na baada ya siku chache, mwezi wa Oktoba, akauawa. Wazee wetu walijifunza nini hapo? Walijifunza kwamba neno msamaha likitoka kinywani mwa mkubwa, ni heri ulale porini. Naamini kwamba baadhi ya vijana wetu wanaoogopa kuweka silaha chini hata leo wanaikumbuka karamu ile bila kujua kwamba wanaikumbuka.

Na hapa kambini tunayo misamaha ya namna ya tatu. Wageni wetu wanisamehe nikisema wazi. Tumehudhuria semina za upatanisho ambapo watu wa pande mbili wanaketi saa mbili, wanashikana mikono, wanapigwa picha, wanaandika majina kwenye karatasi ya mahudhurio, wanapewa soda na biskuti. Nia ni njema, na biskuti ni nzuri. Lakini kesho yake bombani wale wale hawapokezani ndoo.

Sasa nieleze sababu yangu. Babu yangu mzaa baba alikuwa Simba. Mwaka 1964 alikuwa kijana wa miaka 17 huko Fizi. Katika kijiji chao alikuwapo mwalimu wa misheni, ambaye ndiye aliyemfundisha babu kusoma. Simba walipofika waliuliza ni nani mwenye kusoma vitabu vya wazungu, maana watu wa kalamu walihesabiwa kuwa wasaliti. Babu alikuwa amenyunyiziwa dawa wiki ile ile. Aliinua kidole kuelekea nyumba moja. Ndivyo alivyosema mwenyewe: "Sikumpiga, sikumfunga. Niliinua kidole." Mwalimu akachukuliwa kwa njia ya ziwani, hakurudi.

Babu alikaa milimani hadi mwaka 1965, askari wa kukodiwa wa Mike Hoare walipoingia Baraka, na hao nao hawakuwahurumia raia. Baadaye alishuka, akawa mvuvi wa ndagala, akaoa, akaokoka, akabatizwa ziwani. Aliungama mbele ya mchungaji, na mchungaji akamwambia kwamba Mungu amekwisha kumsamehe. Babu alifurahi kweli. Aliimba kwaya. Kisha siku moja, katika mafundisho, wakasoma habari za Zakayo, yule mtoza ushuru aliyepanda mti, ambaye Bwana alipoingia nyumbani mwake aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Babu alisema usingizi ulimkimbia tangu usiku ule. Bwana hakumwambia Zakayo aache tu, kwamba imetosha.

Ndugu wachungaji na makatekista, msinielewe vibaya. Wokovu haununuliwi, hilo tumefundishwa na tunalishika. Zakayo hakulipa ili Bwana aingie. Bwana alikuwa amekwisha kuingia. Nasema tu kwamba aliyeibiwa bado alikuwa nje mlangoni.

Babu alikwenda kwa mjane wa yule mwalimu. Alisimama uani, akaeleza yote, hata kidole. Mama yule alikuwa anachambua mihogo. Hakulia wala hakupiga kelele. Babu alisema angefurahi kama angepigwa. Mwishowe mama akamwambia: "Mungu amefanya haraka kukusamehe, maana si mume wake aliyechukuliwa. Mimi nina watoto wanne. Wa kwanza amefukuzwa shule kwa kukosa pesa."

Tangu hapo sehemu ya ndagala za babu ikawa ya nyumba ile. Usiku akivua kwa taa ya karabai, asubuhi sahani ya kwanza ya kupimia ilikwenda kuuzwa kwa ajili ya shule ya watoto wale. Bibi yangu aliona uchungu, kwa kuwa wanawe mwenyewe walivaa viraka. Baba yangu aliacha shule mwaka wa nne. Hilo nalo ni lazima liandikwe. Kosa la babu lililipwa pia na watu ambao hawakuwa wamezaliwa lilipotendeka. Baba hakuwahi kulisamehe jambo hilo, na mimi sithubutu kusema kwamba alikosea.

Mjane hakutamka kamwe kwamba amesamehe. Babu alikuwa akifika uani, anaweka pesa juu ya kinu, anaondoka. Mwaka ambao kitinda mimba alipata diploma yake, babu alikwenda kama kawaida. Mama akamwambia aingie ndani, maana mvua ilikuwa inakuja. Ilikuwa mara ya kwanza. Alimpa ugali na sombe, wakala bila kuzungumza, mvua ikapita, babu akarudi nyumbani. Alipotusimulia habari hii alikuwa mzee sana, na alipofika kwenye sombe alishindwa kuendelea.

Kuhusu Olombe, siwezi kuwaambia alichokifanya na msamaha aliopewa mara mbili. Isiro masalia ya Anuarite yamo katika kanisa kuu, na kila tarehe 1 Desemba watu wanaomba hapo. Sista Bokuma aliishi na mkono ule.

Wiki iliyopita nilirudi kwenye swali darasani. Nilimwambia kijana wangu kwamba hapana, mambo hayakuisha, na nikawasimulia habari za babu kama nilivyowasimulia ninyi. Kwa mwalimu si jambo rahisi. Katika darasa langu wamo watoto ambao baba zao walikuwa pande tofauti za vita vyetu vya karibuni, wanakalia benchi moja kwa sababu mabenchi ni machache. Walisikiliza kimya. Kisha yule kijana akauliza babu alilipa miaka mingapi. Nikamwambia miaka 11.

"Ni mingi sana," akasema.

Msichana mmoja anayeketi nyuma, anayelelewa na bibi yake, akajibu kabla sijafungua kinywa: "Ni michache."

Waligeuka wote kumtazama. Nikawaacha wabishane mpaka kengele.