Shauri, Baraza na Mkutano: Habari za Njia katika Bonde la Kilombero

Bonde la Kilombero limo katika Mkoa wa Morogoro, kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, na mji wake mkubwa ni Ifakara. Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya mpunga wake, mafuriko yake na maradhi yake. Liko jambo jingine lisiloandikwa sana, nalo ni jinsi wenyeji walivyoitwa kukutana kila mara njia mpya ilipokusudiwa kupita katika nchi yao, na maneno yaliyotumika katika kukutana huko. Makala haya yanafuata habari hiyo tangu enzi ya Wadachi hata barabara ya lami ya siku hizi, yakiangalia maneno matatu, shauri, baraza na mkutano, na mwishowe kitenzi kimoja, kushirikishwa.

Njia ya kwanza ya bonde ni mto wenyewe. Wakati wa masika maji huenea uwandani, na Wandamba, ambao ni wavuvi na mafundi wa mitumbwi tangu zamani, huweza kwenda mahali ambapo mtu wa miguu hapiti. Lakini mto huo haufungui mlango wa kutokea pwani, kwani kabla ya maji yake kuingia Rufiji yako maporomoko ya Shughuli, ambayo huzuia vyombo. Kwa hiyo mashaka ya bonde yalikuwa yale yale kwa vizazi vingi: chakula kipo tele, bali kukitoa ni kazi.

Serikali ya Wadachi ilipoweka boma Mahenge, neno lililotumika kwa kukutana kwa watawala na raia lilikuwa shauri. Asili ya neno hili ni Kiarabu, na katika Kiswahili maana yake ya msingi ni rai inayotolewa baina ya watu wanaosikilizana. Ndiyo sababu husemwa kupeana shauri, kutaka shauri, kufanya shauri. Bomani maana hiyo iligeuka. Shauri likawa kesi, likawa na siku ya kusikiwa mbele ya mkubwa, na Wadachi wenyewe wakalichukua katika lugha yao wakiliandika Schauri. Huko ndiko majumbe na maakida walikopokea habari za kodi na za kazi. Watu hawakuulizwa rai yao. Walipewa amri kwa neno lenye maana ya kuulizana. Mwezi wa Agosti 1905, katika vita vya Maji Maji, boma hilo la Mahenge lilishambuliwa, na baada ya vita njaa iliingia nchini.

Waingereza walipotawala Tanganyika, neno shauri lilibaki katika mambo ya kesi, na mahali pake katika kukutana pakashikwa na baraza. Baraza kwa asili ni kibao cha mawe au sakafu ya mbele ya nyumba, mahali pa watu kukaa na kuzungumza. Katika utawala wa kutumia wenyeji, hasa baada ya sheria ya mwaka 1926, baraza likawa mkutano wa Bwana Shauri na watemi au majumbe, raia wakiwa wamekaa chini. Katika miaka hiyo hiyo mipango mikubwa ya bonde ilikuwa ikiandikwa. C. Gillman alipima njia za reli ya kwenda kusini-magharibi, na mwaka 1929 ilitolewa taarifa ya A. M. Telford juu ya maendeleo ya mabonde ya Rufiji na Kilombero. Kisha biashara ya dunia ikaanguka, na reli haikujengwa. Taarifa hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya maofisa wa Dar es Salaam na London. Zilipima udongo, miinuko na mapato. Wenyeji walihesabiwa humo kama watu wa kulima na wa kufanya kazi.

Neno la tatu lililetwa na siasa ya kudai uhuru. TANU, iliyoanzishwa mwaka 1954, ilieneza mkutano wa hadhara, na neno hili lilikuwa na tofauti kubwa na yale mawili. Shauri lilikuwa na mwenye kuhukumu, na baraza lilikuwa na mwenye kiti. Lakini mkutano umetoka katika kitenzi kukutana, ambacho hakina mtenda mmoja. Wote hukutana. Pamoja nalo zilikuja namna mpya za kuitana: ndugu, wananchi, sisi.

Lugha hiyo ndiyo iliyotumika kueleza reli ya TAZARA. Mataifa ya Magharibi na Benki ya Dunia hawakukubali kuigharimia. Mwalimu Nyerere alikwenda China mwaka 1965, na mapatano ya nchi tatu, yaani China, Tanzania na Zambia, yakatiwa sahihi Septemba 1967. Mkopo ulikuwa wa yuan milioni 988, usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Ujenzi ulifunguliwa rasmi Oktoba 1970, na reli yenye urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa kwa wenyewe Julai 1976. Katika bonde ilipita Mang'ula, Ifakara, Chita na Mlimba, kisha ikapanda kwenda Makambako kwa madaraja na mahandaki mengi.

Yafaa kuangalia kwamba sababu kubwa ya reli hiyo haikuwa Kilombero. Ilikusudiwa kuiokoa Zambia, iliyokuwa ikitegemea njia za kupitia nchi zilizotawaliwa na walowezi na Wareno. Hata hivyo mkutanoni iliitwa Reli ya Uhuru, na wananchi waliambiwa kwamba ni mali yao. Mwezi wa Novemba 1973 kukaa vijijini kukatangazwa kuwa amri, na watu wengi wa bonde wakahamia karibu na reli. Ahadi na amri zikaja kwa sauti moja: hamieni, kwani reli ni yenu.

Ahadi hiyo haikuwa bure. Treni fupi ya wenyeji, ambayo wasafiri waliiita kipisi, ilibeba mchele, ndizi na mahindi ya wakulima na wachuuzi wadogo baina ya bonde na nyanda za juu. Njia iliyokusudiwa kwa shaba ya Zambia ikawa pia njia ya kikapu na gunia. Jamie Monson, katika kitabu chake *Africa's Freedom Railway* cha mwaka 2009, ameonyesha wazi jinsi maisha ya watu wa kando ya reli yalivyojipanga kwa kuifuata treni hiyo.

Katika miaka ya 1990 mambo yaligeuka. Mizigo ya Zambia ilipata njia nyingine kusini, malori yakashindana na treni katika barabara kuu, na shirika likataka kupunguza gharama kwa kufunga vituo vidogo. Ndipo wananchi wa bonde walipoandika barua za kulalamika. Monson amezichunguza barua hizo, na hoja yake ni kwamba waandishi walidai haki yao kwa lugha ile ile ya siasa ya ujamaa: reli ilijengwa kwa ajili ya wananchi wa kawaida, haikujengwa kwa faida peke yake. Kwa mwanafunzi wa lugha jambo hili ni kubwa. Maneno yaliyoshushwa kwa watu mkutanoni ili wakubali kuhama, sasa yalipandishwa na watu hao hao kwenda serikalini. Aliyeambiwa "reli ni yenu" alijibu "reli ni yetu", na kwa kubadili kiambishi kimoja tu, ahadi ikawa dai.

Tangu hapo lugha ya mikutano imebadilika tena. Sheria ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa za wilaya imeuthibitisha mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Fedha za barabara, hata hivyo, hugawanywa mahali pengine: katika Mfuko wa Barabara, katika TANROADS tangu mwaka 2000, katika TARURA tangu mwaka 2017, na kwa wafadhili. Bodi ya barabara ya mkoa hukaa Morogoro, na mwanakijiji husikia habari zake kwa kinywa cha diwani au mbunge.

Ndani ya hali hii kimestawi kitenzi kushirikishwa. Kushiriki ni tendo la mtu mwenyewe. Kushirikisha ni kumfanya mwingine ashiriki. Kushirikishwa ni kufanywa ushiriki, na mwananchi amekuwa mtendwa. Anayeandika katika muhtasari kwamba "wananchi walishirikishwa" hajasema kama walinena, wala kama neno lao lilibadili kitu. Kadhalika kitenzi kupisha, ambacho ni neno la adabu kwa anayemwachia mwenziwe njia, siku hizi hutumika kwa mtu ambaye nyumba yake itabomolewa: "atapisha mradi". Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hata mita 30 kila upande, na mwenye nyumba iliyochorwa alama ya X hana budi kujua yumo katika kipimo kipi, kwani fidia hutegemea hilo. Hapo neno la adabu halimfai. Lamfaa neno la sheria, na la kueleweka.

Isidhaniwe kwamba njia mpya hazina heri. Tarehe 27 Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka mtoni, na haja ya daraja haikuwa tena na mbishi. Daraja la Magufuli, lenye mita 384, lilifunguliwa Mei 2018, na barabara ya lami ya Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, ilizinduliwa mwaka 2024. Mgonjwa wa Mahenge anayeletwa Ifakara leo hangoji pantoni usiku.

Lakini swali la kihistoria halifutwi kwa lami. Kama reli ilivyodaiwa kwa maneno yaliyohifadhiwa vichwani mwa wasikilizaji, ndivyo barabara nayo itakavyodaiwa siku itakapochakaa au fedha zake zitakapopungua. Kumbukumbu za ahadi za leo zimo katika mihtasari ya vijiji na kata, iliyoandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili, katika madaftari yanayoliwa na mchwa na kuharibiwa na unyevu wa masika. Yapasa madaftari hayo yakusanywe na kunakiliwa upesi, Mang'ula, Ifakara, Chita na Mlimba. Humo mtafiti ataweza kuhesabu ni mara ngapi imeandikwa "waliambiwa", mara ngapi "walishirikishwa", na mara ngapi "walisema". Na mwanakijiji ataweza kuonyesha, kwa tarehe na kwa sahihi, alichoahidiwa.