Safari ya Takwa Huanzia Tana

Mtu wa Garsen anayetaka kuwapeleka wanafunzi au jamaa zake kwenye magofu ya Takwa, katika kisiwa cha Manda, kwa kawaida huanza na maswali mawili: tutafika gati ya Mokowe saa ngapi, na boti ni pesa ngapi? Ni maswali ya lazima. Lipo la tatu, nalo ndilo huamua kama safari itakuwa darasa au matembezi tu: je, tumeyaona magofu ya kwetu kabla ya kuvuka bahari?

Mlango wa Tana, Witu, Lamu na Manda vina historia moja. Ni historia ya watu walioishi kwa kufuata maji, wakajenga mji, wakauacha vita au ukosefu wa maji matamu ulipowafikia, kisha wakajenga kwingine. Anayeingia Takwa bila kuipitia njia hiyo hukuta kuta zilizobaki peke yake porini. Aliyeipitia hukuta kituo kimoja katika safari ya karne nyingi. Makala haya yanapendekeza mpango wa ziara unaofuata njia hiyo, kutoka mtoni hadi kisiwani.

Mto uliovilisha visiwa

Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya. Hutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukasafiri takriban kilomita 1,000 hadi Ghuba ya Ungwana. Chini ya Garsen hutawanyika na kufanya delta ya vinamasi, mabwawa, misitu na mashamba, ambayo mwaka 2012 iliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Wapokomo wamelima kingo zake kwa kufuata mafuriko, wakipanda mpunga, migomba na miembe. Waorma na Wawardei huteremsha mifugo yao deltani kiangazi kinapokaza.

Visiwa vya Lamu vilijaliwa bandari tulivu na pepo za biashara, lakini maji matamu ni haba na ardhi ya kulima ni ndogo. Ndiyo maana karne nyingi watu wa visiwani walilitegemea bara: nafaka ya kula, miti ya kujengea, pembe za ndovu za kuuza ng'ambo. Jahazi lililosafiri Arabuni lilibeba jasho la mkulima na mwindaji wa bara pamoja na mali ya mfanyabiashara wa kisiwani.

Uhusiano huo uliacha alama hata kwenye mto wenyewe. Katika karne ya 19 watu wa utawala wa Witu walichimba mfereji wa Belezoni kuiunganisha Tana na Mto Ozi, ili mitumbwi yenye mizigo ifike bandari za Kau na Kipini bila kupitia bahari wazi. Maji yaliupenda mkondo huo mpya, mfereji ukapanuka, na mlango mkuu wa Tana ukahamia Kipini. Mwanafunzi anayesimama Kipini leo anautazama mlango wa mto ambao mikono ya watu ilisaidia kuufungua. Somo la kwanza la safari lianzie hapo.

Ungwana, mji uliokataa kusujudu

Katika ukanda wa Kipini, kandokando ya ghuba, yamo magofu ya miji ya kale: Ungwana, Mwana na Shaka. Ungwana ndio ulioacha kumbukumbu nzito zaidi. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyechimba pia Gedi, aliuchimba mji huu katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake juu yake mwaka 1966. Alikuta msikiti mkubwa wa Ijumaa, makaburi ya mawe, na vigae vya vyombo vilivyotoka China na nchi za Kiislamu. Hapa palikuwa na watu waliojua kusoma, kusali kwa jamaa na kufanya biashara na dunia, karne kadhaa kabla ya meli ya kwanza ya Ulaya kuonekana katika pwani hii.

Mwanzoni mwa karne ya 16 meli hizo zilifika. Kumbukumbu za Wareno zinaeleza jinsi nahodha Tristão da Cunha alivyoutaka mji uitwao Hoja, ambao wanahistoria wengi wanautambua kuwa Ungwana, uwe chini ya mfalme wa Ureno. Mtawala wake alijibu kwamba yeye anamtambua sultani wa Misri. Mji ukavamiwa na kuchomwa moto. Lamu, iliyofuata katika njia ya meli hizo, ilikubali kulipa kodi. Watoto wetu wanaifahamu vizuri hadithi ya Mombasa na Fort Jesus, na inafaa wajue kwamba kwenye mlango wa mto wao pia palikuwa na mji uliokataa kusujudu, ukalipia kukataa kwake.

Ungwana ulijengwa tena, kisha ukafifia mwanzoni mwa karne ya 17. Wanahistoria wanataja sababu zinazoshikana: mapigano katika bara wakati makundi ya Waoromo yalipokuwa yakihamia kusini, biashara iliyoharibiwa na Wareno, na pwani isiyotulia kwa sababu ya mto wenyewe. Haya yasomwe bila kumnyooshea kidole mtu yeyote wa leo. Wajukuu wa pande zote za mapigano yale sasa wanakaa dawati moja katika shule za Garsen, na historia iliyofunzwa vizuri huwapa urithi wa pamoja.

Eneo hili ndilo pia la Fumo Liongo, shujaa na mshairi ambaye masimulizi yanasema alijikata minyororo kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, kisha akauawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni. Kaburi linalohusishwa naye huonyeshwa karibu na Kipini. Liongo yumo katika vitabu vya fasihi kote Afrika Mashariki. Mwanafunzi wa Tana anapaswa kujua kwamba uwanja wa hadithi hiyo ni nyumbani kwake.

Witu, safari ya kurudi bara

Barabara ya kutoka Garsen kwenda Lamu hupita Witu, na hapa msafara usimame. Kituo hiki kinaonyesha kwamba watu hawakuhama upande mmoja tu, kutoka bara kwenda visiwani. Katika karne ya 19 Ahmed Simba, wa ukoo wa Nabahani waliotawala Pate, alikataa kuwa chini ya sultani wa Zanzibar, akavuka kutoka visiwani na kusimamisha utawala wake Witu, ndani ya msitu. Akawapokea watu waliokimbia utumwa na wengine waliotafuta kinga.

Mwaka 1885, kupitia ndugu wawili Clemens na Gustav Denhardt, Witu iliwekwa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Miaka mitano baadaye Wajerumani waliikabidhi kwa Waingereza katika mapatano yaliyowapa wao kisiwa cha Heligoland. Septemba 1890 Mjerumani aitwaye Andreas Küntzel na wenzake waliuawa Witu. Mwezi uliofuata kikosi cha Waingereza chini ya Admirali Fremantle kikauteketeza mji. Miaka takriban 400 baada ya Ungwana kuchomwa na Wareno, moto wa pili wa kutoka Ulaya ukawaka katika ardhi ileile kati ya Tana na Lamu.

Takwa nyuma ya ukuta wake

Sasa tuvuke. Takwa upo kusini mwa kisiwa cha Manda, katika ardhi nyembamba kati ya mkono wa bahari uliojaa mikoko na vilima vya mchanga vinavyoukinga na bahari kuu. Ulistawi kuanzia takriban mwaka 1500 hadi mwishoni mwa karne ya 17. Maana yake, Ungwana ulipokuwa ukizimika bara, Takwa bado ulikuwa na watu, ibada na soko. Ukuta wa mawe uliuzunguka, na ukuta huo peke yake unatosha kueleza hali ya nyakati zile.

Ukiingia, angalia kwanza nyumba. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, vyumba vikawa virefu na vyembamba. Katika kuta zilizopigwa lipu kuna vidaka. Nyumba nyingi zimeelekea kaskazini, upande wa kibla. Ni mji uliopanga hata milango yake kwa kuizingatia ibada.

Kisha nenda Msikiti wa Ijumaa, ambao umehifadhika kuliko majengo yote ya hapo. Juu ya ukuta wake wa kibla imesimama nguzo, jambo lisilo la kawaida katika misikiti ya pwani hii, kwani nguzo za namna hiyo huonekana zaidi makaburini. Nje ya ukuta wa mji lipo kaburi la nguzo lenye maandishi ya Kiarabu yanayolitia katika miaka ya mwanzo ya 1680. Ni miongoni mwa alama za mwisho za mji huo ulipokuwa hai.

Baada ya hapo Takwa ulihamwa. Maji ya visima kuingia chumvi na uhasama na Pate hutajwa kuwa sababu. Watu walivuka mkondo wakaenda Shela, katika kisiwa cha Lamu, ambako wazawa wao wapo hadi leo. Watu wa Shela wameendelea kurudi kwenye kaburi hilo kuomba mvua. Ndiyo maana si sahihi kuuita Takwa mji uliokufa. Mji umehama, na wenyewe bado wanaujua.

Kirkman alifanya uchunguzi Takwa mwaka 1951, na leo eneo linasimamiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kaskazini mwa kisiwa hichohicho yapo magofu ya mji wa Manda wenyewe, ambako Neville Chittick alipata ushahidi wa makazi na biashara ya karne ya 9. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alikuta mabaki ya misikiti ya mwanzo kabisa ya pwani hii, ya karne ya 8. Mwenye siku za ziada avifikirie vituo hivyo.

Kupanga kwa kalenda mbili

Msafiri wa kutoka Garsen hupanga kwa kalenda mbili: ya mto na ya bahari. Tana hufurika hasa wakati wa masika, kati ya Aprili na Juni, na wakati wa vuli, Novemba na Desemba. Barabara ya Garsen, Witu na Lamu, kilomita 135, sasa ina lami, lakini mwishoni mwa 2023 maji yaliikata upande wa Gamba, abiria wakakwama. Miezi ya Januari hadi Machi, au Julai hadi Oktoba, ndiyo salama zaidi. Uliza pia hali ya usalama kwa maafisa wa utawala kabla ya kuondoka, hasa ukiwa na wanafunzi.

Kalenda ya bahari ni ya mwezi. Boti hufika karibu na Takwa kwa kupita kwenye mkono wa mikoko, na njia hiyo huhitaji maji yaliyojaa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa alfajiri na alasiri, na hupwa kabla ya adhuhuri. Siku hizo msafara uondoke Lamu mchana maji yanapoanza kupanda, uzuru, na urudi kabla hayajakauka. Siku za maji mafu, yanajaa kabla ya adhuhuri lakini kwa kina kidogo. Mpango usiandikwe kabla ya kumuuliza nahodha, kwa kuwa yeye ndiye anayejua chombo chake kinahitaji maji kiasi gani.

Siku moja haitoshi. Siku ya kwanza iwe ya Kipini na Witu, na kulala Lamu. Asubuhi ya siku ya pili pitieni makumbusho ya Lamu, mwone mifano ya mitepe (majahazi ya kushonwa kwa kamba), milango na vyombo vya nyumbani, ili watoto waweze kuzijaza nyumba tupu za Takwa kwa fikra. Kisha vukeni. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha, viatu vya kufunika mguu, na nguo za heshima, kwa sababu mnaingia mahali pa ibada na maziko. Msipande juu ya kuta. Msichukue kigae hata kimoja: sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi inavilinda, na kigae kikiondolewa mahali pake hakiwezi tena kumwambia mtafiti lolote kuhusu nyumba iliyokitumia.

Deni la Ungwana

Takwa una mlinzi, njia iliyofyekwa na mahali pa kukatia tiketi. Ungwana umefunikwa na kichaka, na wapita njia wengi wa Garsen hawajawahi kuambiwa kwamba upo. Tofauti hiyo haikuletwa na historia, maana miji hii miwili ni ya ustaarabu mmoja. Imeletwa na maamuzi yetu kuhusu kipi kitunzwe na kipi kiachwe.

Ziara za shule zinaweza kuubadilisha uamuzi huo. Walimu wa Tana Delta wakianza kila safari ya Takwa kwa kituo cha Kipini, vijana wa huko watapata kazi ya kuongoza wageni, wazee watapata wa kuwasimulia, na serikali ya kaunti pamoja na Makumbusho ya Taifa watakuwa na hoja mkononi ya kufyeka njia, kuweka bango na kumwajiri mlinzi. Fungu la nauli la muhula ujao na liandikwe hivyo tangu mwanzo: Kipini kwanza, Takwa baadaye.