Sauti na Mwenyewe

Mpiga litungu wa Kikuria, Tarime hata Serengeti, huitwa arusini kwa sababu sauti yake, kwa jadi, haifiki bila yeye mwenyewe. Nyuzi zake nane na sifa anazozitunga papo hapo ni kazi ya mtu mmoja, na malipo ni yake.

Kamba hiyo ya sauti na mwili ilianza kulegea zamani. Kati ya 1935 na 1937, Meja Notcutt na wenzake walitengeneza huko Vugiri, Usambara, sinema za kuwafundisha Waafrika. Maneno yalinaswa katika santuri, hata picha moja ikaweza kusema lugha kadhaa. Msemaji alihitajika mara moja tu. Lakini santuri ilirudia aliyoyasema, haikumtungia neno.

Mashine za leo humtungia. Januari 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha, kwa Kiingereza, kwamba sekunde tatu zatosha kuiga sauti ya mtu. Mei mwaka huo Meta ilitangaza programu za lugha zaidi ya 1,100, zilizofunzwa kwa rekodi za wasomaji wa Agano Jipya. Nao, bila shaka, waliwasomea waumini.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humlinda msanii anaponaswa bila idhini. Kuigwa koo ni jambo jingine, na sheria ile iliitangulia mashine. Mzee aliyeimba mbele ya simu ya kijana pale Mugumu amekwisha kuacha ya kutosha: arusi ijayo yaweza kusikia, kwa sauti yake, sifa asizozitunga, na ujira usimfikie.