Taswira ya data: maana, matumizi na tahadhari

Taswira ya data (ngeli ya I-ZI, wingi: taswira za data) ni mchoro, grafu au ramani inayozigeuza tarakimu nyingi kuwa umbo linalosomeka kwa jicho, ili mwenye kuamua auone mwelekeo ambao asingeutambua katika orodha ndefu. Istilahi hii isichanganywe na hifadhidata, ambayo ni mahali data zinapotunzwa, wala na jedwali, ambalo hupanga tarakimu katika safuwima na safumlalo. Jedwali humpa msomaji kiasi kamili; taswira humwonyesha uhusiano wa viasi hivyo.

Mfano wa kihistoria

Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka Soho, London. Wengi waliamini kuwa ugonjwa huo huenezwa na hewa chafu. Daktari John Snow alishuku maji. Alichukua kwa msajili orodha ya vifo 83, akachunguza mahali vilipotokea na kuwahoji jamaa za marehemu. Ni vifo 10 tu vilivyotokea karibu zaidi na pampu nyingine kuliko ile ya Broad Street, na katika 5 kati ya hivyo familia zilisema kuwa zilikuwa zikichota maji Broad Street. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu hiyo uliondolewa.

Ramani yake mashuhuri, yenye kistari cheusi kwa kila kifo, ilichapishwa baadaye. Kwa hiyo si sahihi kusema kuwa ramani ndiyo iliyoifunga pampu. Uamuzi ulitokana na orodha na maswali. Ramani iliwawezesha wengine kuuona ushahidi. Aidha, ramani peke yake isingeeleza kwa nini wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa karibu na pampu hawakufa. Ilibidi Snow aulize, ndipo akaambiwa kuwa walipewa bia na hawakutumia maji ya pampu hiyo.

Matumizi

Grafu ya mistari huonyesha mabadiliko katika muda: Grafu ya mistari inaonyesha kuwa mvua imepungua tangu Machi.

Grafu ya pau hulinganisha makundi: Pau ndefu zaidi ni ya shule za msingi.

Chati duara hugawa jumla moja katika sehemu: Nusu ya duara ni mishahara.

Ramani ya data huonyesha mtawanyiko wa jambo mahali: Visa vingi vimekusanyika kando ya mto.

Tahadhari kwa mfasiri

Maneno machache yaliyo kando ya mchoro ndiyo hubeba maana yake. Visa ni watu waliougua. Vifo ni waliokufa. Idadi ya wagonjwa si sawa na wagonjwa kwa kila watu 1,000: mji mkubwa unaweza kuongoza kwa idadi lakini ukawa nyuma kwa kiwango. Vilevile, kiwango kikipanda kutoka asilimia 10 hadi asilimia 15, ongezeko ni nusu ya kiwango cha awali, yaani asilimia 50. Kuandika “kimeongezeka kwa asilimia 5” ni kupotosha. Mchoro huaminiwa upesi kuliko maelezo, kwa hiyo kosa la neno moja katika mchoro huweza kumpotosha mwenye kuamua bila yeye kujua.